Siku Wodi Ilipotoa Ushuhuda

Ngiri yangu niliificha kwa kitambaa. Nilichana shuka kuukuu nikapata utepe mrefu, na kila asubuhi niliufunga kiunoni na kuupitisha katikati ya mapaja kabla ya kuvaa suruali. Juu nilivaa koti refu, na kwa baridi ya Makambako hakuna anayemuuliza mtu kwa nini amevaa koti. Nilibeba mbao hivyo kwa miaka. Jioni nilipofungua kile kitambaa uvimbe ulijitokeza, nikalala chali, ukarudi ndani wenyewe, nikajiambia kwamba bado sijawa mgonjwa.

Niseme kidogo mimi ni mtu wa namna gani, maana bila hilo hutaelewa mdomo wangu ulivyofanya kazi baadaye. Shule niliiacha darasa la sita. Umaskini ulikuwepo, lakini haukuwa sababu yote. Kulikuwa na lori limeharibika jirani na shule, linashushwa gia boksi, nikaenda kuangalia, na kesho yake nikaenda tena. Tangu hapo sijatulia. Nimechuma chai, nimepakia viazi, nimekaa Lupingu kule ziwani nikianika dagaa pamoja na watu walionicheka kwa kuogopa maji, nimekuwa tingo, msaidizi wa dereva, kwenye fuso, nimepanga parachichi kwenye makasha Njombe. Kila mahali nilikaa mpaka nijue kitu kinavyofanya kazi, kisha miguu ikaanza kuwasha. Kuuliza ndiyo starehe yangu. Wenzangu wana pombe.

Katika kazi zote hizo watu hujifunza kwa njia moja. Unamwangalia anayejua, unambebea vifaa, unatukanwa, halafu siku moja anakuachia. Dereva wa fuso aliniachia usukani kwenye tambarare za Wanging'ombe, akavuta kofia usoni, akalala. Sikuwa na leseni. Mikono ilinitoka jasho na moyo ulijaa sifa. Kwetu sisi, kuachiwa peke yako ndicho cheti chenyewe. Sikujua kama kuna kazi ambayo mambo huenda kinyume.

Siku ngiri ilipokataa kurudi ndani ilikuwa Jumapili mchana. Nilikuwa kwenye yadi ya mbao ya tajiri wangu, Mwislamu mmoja aliyehamia Makambako kutoka Kondoa, ana malori na maneno mengi. Nilijilaza juu ya rundo la mbao kama nilivyozoea. Uvimbe ukabaki palepale, mgumu, na maumivu yakapanda hadi kitovuni. Nilitapika.

"We Mpangwa," alisema tajiri, ambaye huniita kwa kabila langu, "umekuwa wa kijani."

"Ni chakula tu."

"Chakula gani kinachokufanya ushike huko unakoshika?"

Alinipakia kwenye pikapu, tukaenda Njombe. Hospitali sitaitaja. Ni mojawapo ya zile zinazopokea watu wengi kuliko vitanda vyake, na zinazopendwa hivyohivyo.

Aliyenipokea alikuwa binti mwembamba mwenye miwani, amevaa sweta chini ya koti jeupe. Nilimdhania mwanafunzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Unaumwa wapi?"

"Tumbo."

"Tumbo sehemu gani?"

"Tumbo lote."

"Naomba nione."

"Si ungemwita daktari mwanamume?"

"Leo daktari ni mimi, baba."

"Basi nipe dawa ya kutuliza, niende."

Angeweza kuwa binti yangu. Nilikaza mkanda wa suruali kwa mikono miwili kama mtu anayeibiwa. Alimgeukia tajiri. "Kaka, nisaidie kuongea naye. Kama ni kile ninachofikiri, utumbo umebanwa. Ukiendelea kubanwa utaoza."

"Vua, bwana!" tajiri alifoka. "Unataka uzikwe na aibu yako?"

Nilivua nikiwa nimegeukia ukutani. Nilipofungua kile kitambaa, kimechakaa, kina rangi ya jasho la miaka, nilitamani ardhi inimeze. Binti hakucheka wala hakusema mbona hukuja mapema. Alikipokea, akakikunja, akakiweka juu ya kiti, akaanza kunipima.

Daktari bingwa wa upasuaji alikuwa mmoja tu hospitali nzima, na siku hiyo alikuwa Makete kumzika dada yake. Daktari mwingine wa zamu alikuwa chumba cha kujifungulia na mama aliyekuwa anapoteza damu. Kunisafirisha hospitali nyingine kungechukua muda ambao utumbo wangu haukuwa nao. Haya yote niliyasikia yakisemwa juu ya kichwa changu, maana masikio hayakuumwa. Mwishowe nilimsikia yule binti akisema kwenye simu, "Ndiyo, dokta. Nitakuwa nakupigia."

Walinichoma sindano ya ganzi mgongoni, miguu ikapotea, lakini mimi nilibaki macho. Waliweka pazia la kitambaa kifuani ili nisione. Hawakujua wamemlaza mtu wa aina gani. Niliwauliza kile kitu kinacholia ni nini, na mtaalamu wa ganzi akaniambia ni mapigo ya moyo wangu. Nikauliza kwa nini yanakwenda mbio. "Kwa sababu unaongea," alisema.

Simu ilivalishwa glovu, ikawekwa juu ya kistuli, spika ikafunguliwa. Sauti ya bingwa ilitoka humo pamoja na watu wakiimba nyimbo za mazishi. Nitasema kweli, hata sasa nikisikia kwaya msibani mkono hunienda kwenye mshono.

"Umefungua?" sauti iliuliza.

"Nimefungua, dokta. Naona utumbo."

"Rangi gani?"

"Umekuwa mweusi."

"Mweusi kabisa au wa zambarau?"

Binti alisita. "Zambarau. Nadhani."

"Usidhani. Angalia."

"Zambarau, dokta."

"Achia panapobana. Funika na vitambaa vya maji ya uvuguvugu. Usikate kitu. Subiri."

Hapo mtandao ukakatika. Muuguzi aliinua kile kistuli pamoja na simu yake akakipeleka dirishani, akakiinua juu kidogo, akakishusha. Tulikaa. Mashine ikalia. Niliuliza, "Dokta, sasa ni rangi gani?" Nikamsikia akivuta pumzi, akasema, "Baba, tulia kidogo." Baadaye akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Inarudi. Inakuwa nyekundu." Alikuwa haniambii mimi. Alikuwa anaiambia simu ambayo haikuwa na mtu.

Nilipona. Nililazwa wodi ya wanaume, jirani na mzee wa kijiji cha Yakobi aliyevunjika mguu kwa kuanguka kwenye mti wa parachichi. Kila asubuhi binti alipita kutazama mshono, na kila asubuhi nilikuwa na maswali. Ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikuwahi kulijua: kwamba mtu anaweza kumaliza chuo kikuu cha udaktari, akapewa shahada, na bado asiwe daktari kamili. Anaitwa daktari tarajali. Anapelekwa hospitali mwaka mzima, anazungushwa kwenye idara, ya upasuaji, ya watoto, ya kina mama, ya magonjwa ya ndani, na kila idara lazima awe na mkubwa anayemsimamia na kuthibitisha kwamba kweli ameiva. Bila hilo hapati leseni.

"Kwa hiyo wewe ni tingo," nilimwambia.

Alicheka mpaka akashika kitanda. "Ndiyo, baba. Mimi ni tingo."

"Na bado idara ngapi?"

"Hii ya upasuaji ndiyo ya mwisho. Imebaki kidogo tu." Alivyolitamka hilo neno *kidogo* nilijua kuna watu nyumbani wanalisubiri. Mama yake alikuwa Ludewa, akiuza samaki, na wadogo zake walikuwa bado shule.

Asubuhi moja tuliamka tukakuta mashuka mapya. Vyoo vilinuka dawa. Mlango uliokuwa unaegemezwa kwa tofali ulikuwa umepata bawaba. Matroni, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na kweli aliiongoza, alisimama katikati ya wodi.

"Jamani, kamwene."

"Kamwene!" tuliitikia salamu ya kwetu.

"Leo tuna wageni. Ni wakaguzi. Wanakuja kuangalia kama hospitali yetu inafaa kuendelea kuwafundisha hawa madaktari wenu vijana. Wakiridhika, vijana wanabaki, na wanaletwa wengine. Wasiporidhika, wanaondolewa, na hata muda waliokaa hapa unaweza usihesabiwe. Mmeelewa?"

Mzee wa Yakobi aliinua mkono. "Na huyu binti yetu?"

"Na yeye ataondoka. Aanze upya kwingine. Kwa hiyo mkiulizwa, semeni mlivyohudumiwa. Semeni vizuri."

Hakutuambia tudanganye, na nasema hivi kwa sababu watu wengine baadaye walimtupia yeye lawama. Alituambia tuseme tulivyohudumiwa, nasi tulikuwa tumehudumiwa vizuri. Mzee wa Yakobi alinigeukia akaninong'oneza, "Leo tunamvusha binti." Wodi nzima ilijipanga kwa kazi hiyo. Mimi nilichana nywele.

Wakaguzi walikuwa watatu. Mkubwa wao alikuwa daktari mzee, mpole, aliyetembea mikono yake ikiwa mgongoni. Alifuatana na mama mmoja aliyekuwa akiandika, na kijana aliyekuwa akifungua mabomba kuona kama yanatoa maji. Nyuma yao alikuja bingwa wetu, mrefu, amevaa tai ambayo hatukuwahi kuiona, na nyuma yake binti na madaktari tarajali wenzake, wamenyooka kama wanafunzi kwenye mstari. Waliongea Kiingereza hadi kitanda cha katikati. Kisha yule mzee alisimama, akatabasamu, akasema kwa Kiswahili, "Sasa tungependa kuwasikia ninyi wenyewe. Madaktari hawa vijana wanawahudumiaje?"

Nikueleze jambo moja kuhusu watu wa huku kwetu. Wengi tumelelewa kanisani, na kanisani mtu akiulizwa mbele za watu kilichomtokea, hatoi jibu. Anatoa ushuhuda. Anaeleza alivyokuwa chini, alivyoinuliwa, na nani alimwinua, na wanaosikiliza wanaitikia. Mimi kanisani siendi sana, lakini utaratibu huo uko damuni.

Mzee wa Yakobi alijiinua kwa viwiko. "Bwana asifiwe!"

"Amina!" wodi ilijibu, na yule mama aliyekuwa akiandika akashtuka kidogo.

"Mimi nililetwa hapa mguu unaning'inia. Nimeona waganga wengi. Lakini huyu binti, huyu mnayemwona hapa, aliupanga mfupa wangu yeye mwenyewe. Peke yake! Mkubwa alikuwa na kazi zake, hata hakusumbuliwa. Mungu ambariki!"

"Amina!"

Kijana wa bodaboda kwenye kona akadakia. "Mimi kidole changu alikikata yeye. Hakumuuliza mtu!"

"Amina!"

Nilimwona yule mama akiandika haraka zaidi, nikafurahi. Nilidhani sifa zinaingia. Nilikuwa nimemwona binti pia, na alikuwa akitazama viatu vyake, lakini nilimchukulia kuwa ni mtu mwenye haya anayesifiwa hadharani. Ushuhuda wangu ulikuwa mkubwa kuliko yao wote na sikutaka mwingine atangulie.

Nikaanza. Nilieleza Jumapili ile, pikapu, utumbo uliobanwa. Sikukitaja kile kitambaa. Nilieleza nilivyolala macho na kusikia kila kitu, maana nilitaka wajue nilielewa. Nilitaja vitambaa vya maji ya uvuguvugu. Nilitaja rangi ya zambarau. Nilikuwa najivunia kweli, mtu wa darasa la sita akiwaeleza mabingwa habari za utumbo.

Mzee mkaguzi alisogea karibu na kitanda changu. "Na daktari bingwa alikuwa upande gani wa meza?" aliniuliza kwa upole.

"Ah, yeye hakuwepo! Alikuwa Makete."

"Makete."

"Msibani. Lakini alikuwa kwenye simu! Tulikuwa tunamsikia sote, na watu wanaimba nyuma yake." Nikaigiza sauti ya bingwa: "Usidhani. Angalia." Wodi ikacheka. "Halafu mtandao ukakatika, na bado huyu binti hakuyumba. Akasubiri mwenyewe mpaka rangi ikarudi. Mzee, kama kuna wa kupewa leseni leo hii, ni huyu."

"Amina!" alisema mzee wa Yakobi.

Hakuna mwingine aliyeitikia. Bingwa alikuwa amelegeza tai. Binti hakuwa anatazama tena viatu. Alinitazama mimi, na macho yake yalikuwa makavu kabisa, na ndipo nilipojua. Sikujua kwa akili, sikuweza kueleza kosa liko wapi. Nilijua jinsi mtu anavyojua kwamba lori linarudi nyuma na breki haishiki.

"Asante sana," alisema mzee mkaguzi. "Pole kwa ugonjwa."

Wakaendelea na ukaguzi wao, kitanda kwa kitanda, kwa Kiingereza.

Walipotoka, wodi ilipongezana. Kijana wa bodaboda alisema tumeua, yaani tumeshinda kabisa. Matroni aliingia, akafunga mlango, akanijia moja kwa moja. "Kaka yangu," alisema, na ile sauti ya kwaya haikuwepo, "hivi wewe mdomo wako huwa unalala?"

"Umesema tuseme vizuri."

"Nilisema mseme mlivyohudumiwa. Sikusema mseme alikuwa peke yake!"

"Lakini ndiyo sifa yenyewe, sista."

Alikaa kitandani kwangu, kitanda kikalia. Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Wale watu hawakuja kuona kama vijana wanaweza. Walikuja kuona kama kuna mtu anawasimamia. Tarajali akifanya upasuaji peke yake, hata akiufanya vizuri, hospitali imeshindwa. Kila tulipomsifu kwa kuachiwa, tulikuwa tunamshtaki.

Mzee wa Yakobi alijifunika shuka mpaka kichwani. Mimi sikuwa na pa kujifunika. Niliona uso ukiwaka moto kama siku ile nilipogeukia ukutani nikivua, ila siku ile aibu ilikuwa ya mwili, na mwili ulishonwa ukapona.

Kabla ya kuondoka mzee mkaguzi alirudi, peke yake, akasimama miguuni pangu. Nilijaribu kukaa.

"Shikamoo, mzee. Nilikosea. Nilichanganya mambo, nilikuwa na ganzi."

"Marahaba. Hukuchanganya."

"Binti hana kosa."

"Hana. Ndiyo maana nimekuja hapa." Alishika ukingo wa kitanda. "Wewe ukienda kupanda basi, ukaambiwa dereva ni mwanafunzi na mwalimu wake anamwelekeza kwa simu, utapanda?"

Moyoni nilijua ningepanda. Nimepanda mabasi mabaya kuliko hayo, na nimeyaendesha.

"Mimi simpunguzii yule binti sifa," alisema. "Ila hakupaswa kubeba mzigo ule peke yake, na wewe hukupaswa kuwa juu ya meza ile namna ile. Nyote wawili mlistahili zaidi." Akagusa kidole changu cha mguu juu ya shuka, akaenda zake.

Maneno hayo yalinikaa vibaya kuliko matusi ya matroni. Nilikuwa nimetoa shukrani, mbele za watu, kwa sauti, kwa jambo ambalo yeye aliona ni upungufu, na sikuwa nimejua hata kidogo kwamba nilistahili kitu kingine. Sisi wote mle ndani hatukujua. Mzee wa watu amepangwa mfupa na mtoto aliyeachwa peke yake, anamwita Mungu shahidi. Niliona aibu kwa ajili yetu, halafu nikamwonea hasira yule mkaguzi aliyenifanya niione.

Nikamtafuta bingwa kabla ya kuruhusiwa. Nilimkuta kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, anafunga kamba za viatu. Nilimwambia niko tayari kwenda popote wanapokaa wale wakaguzi nikawaambie vinginevyo.

"Ukawaambie nini, ndugu yangu?" aliuliza. "Kwamba sikuwa nazika?"

Alimaliza kufunga kiatu, akabaki ameinama vilevile, kana kwamba kuinuka ni kazi.

Nilirudi Makambako na masharti ya kutobeba kitu kizito, tajiri akanipa kazi ya kusimamia upakiaji. Nilipokwenda Njombe kliniki, matroni ndiye aliyenipa habari. Hospitali ilibaki na kibali kwa idara nyingine, lakini ya upasuaji ilisimamishwa mpaka apatikane bingwa wa pili. Waliokuwa kwenye idara hiyo wanahamishwa. Muda wa binti wa upasuaji haukuhesabiwa. Anaanza upya.

Nilimwona stendi ya Makambako, kwa bahati tu, nilipokwenda kumsindikiza dereva wetu. Alikuwa amesimama na begi, jiko dogo la gesi, na godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, akisubiri basi la kwenda Mbeya. Bila koti jeupe alionekana mtoto kabisa. Nilitaka kupita nyuma ya duka. Akaniona.

"Baba! Shikamoo. Mshono vipi?"

"Marahaba. Umepona." Nikachukua lile godoro bila kuulizwa, ili mikono iwe na kazi.

"Weka chini. Nilikukataza vitu vizito."

"Ni godoro tu."

"Weka chini, baba."

Nikaweka. Nikaanza kuomba msamaha, maneno niliyoyaandaa tangu kliniki, na sikufika mbali.

"Nimesikia umemwomba msamaha matroni," alisema. "Ukamwomba bingwa. Ukamwomba mkaguzi. Sasa ni mimi. Utamwomba na konda?"

Nilicheka, naye akacheka kidogo, kisha akaacha kabla yangu.

"Mimi nilidhani nakusaidia, dokta."

"Najua."

"Ulikuwa hodari. Hukutetemeka."

"Nilitetemeka. Ulikuwa nyuma ya pazia." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Mtandao ulipokatika sikujua ile rangi ni ipi. Sikujua, baba. Nilisema inarudi kwa sababu nilitaka irudi. Namshukuru Mungu ilirudi kweli."

Nikakumbuka ile sauti iliyokuwa ikiiambia simu isiyo na mtu. Niliihadithia yadi nzima kama sauti ya ushujaa.

"Kuna jambo lingine," alisema. "Alikuja mama mmoja kutoka huku Makambako, wiki chache zilizopita. Ana uvimbe shingoni. Anasema ameelekezwa na mtu wa mbao. Anataka nimkate mimi, peke yangu, bingwa asiwepo. Anasema bingwa akiwepo ndipo mambo yanaharibika."

Nilijua ni nani. Nilikuwa nimemwambia mwenyewe, kabla ya wakaguzi hata kuja, nilipompigia simu muuza chai wa karibu na yadi kutoka wodini, na yule mama, akiwa pale kibandani, akapewa simu anisalimu. Nilimwambia kuna binti Njombe hahitaji mtu.

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia amsubiri bingwa. Akakasirika, akaondoka."

"Alikwenda wapi?"

"Sijui." Alivaa miwani. "Hatukuwahi kumwona tena. Ndiyo ninayokuambia. Usinisifie tena, baba. Popote. Nakuomba."

Basi lilikuja. Konda alirusha godoro juu, yeye akapanda na lile jiko mkononi kwa sababu walikataa kuliweka kwenye buti. Kama alipunga mkono, sikuona. Kioo cha upande wangu kilikuwa na stika kubwa.

Kwenda yadi nilipitia kibandani kumuulizia yule mama. Muuza chai alisema alihama, labda yuko kwa mwanawe Songea, labda Ruvuma ndani huko. Hana namba yake. Niliuliza kama shingo ilikuwa imezidi. Akasema hakuangalia.

Yadini tajiri alikuwa amekaa na madereva wawili wageni, mizigo yao haijafika, chai mkononi. Aliponiona alipiga paja.

"Huyu hapa! Nimesikia dokta wako wa simu alikuwa stendi, mbona hukuniita nimwone? Hebu njoo. Hawa hawaamini. Waeleze ile ya mazishi."

Madereva walisogea kunipa nafasi kwenye ubao. Hadithi hiyo nilikuwa nimeihadithia hapo mara nyingi, najua wapi watu wanashika mbavu. Nilikaa. Nikaanza na Jumapili, na pikapu. Nikafika kwenye simu, nao wakaanza kutabasamu.

"Kulikuwa na binti mle ndani," nilisema, "na hakukuwa na mtu wa kumsaidia. Aliniambia leo kwamba aliogopa sana. Mtandao ulipokatika hakujua afanye nini."

Walisubiri.

"Halafu?" dereva mmoja aliuliza.

"Halafu nikapona. Lakini ningeweza kutopona, na yeye angebaki na hilo maisha yake yote. Mkipata ugonjwa, ulizeni kama bingwa yupo."

Tajiri alinitazama, kikombe kimesimama njiani. "Na kwaya je? Mbona hujaimba?"

"Siimbi leo."

"Aa, umeiharibu," alisema kwa uchungu wa kweli, akawageukia wageni wake kuwaomba radhi. "Huwa anaieleza vizuri sana huyu."